Nina eneo la mita 20 kwa 25, nipande miche mingapi tuhifadhi chakula cha miezi mitano?

"Habari mtaalamu. Sisi tuko sita, mimi, mume wangu na watoto wanne. Nyuma ya nyumba tuna eneo la mita 20 kwa 25 na nataka kulilima lote mboga, tuhifadhi za kututosha miezi kama mitano ambayo bustani huwa haitoi kitu. Mwaka jana nilijaribu, nikapanda miche 120 ya nyanya, zikaiva zote kwa mpigo nikazidiwa, karibu nusu zikaoza. Sosi niliyopika nilichanganya na vitunguu na karoti nikaweka kwenye chupa. Pia niliweka maharage mabichi kwenye chupa za kioo nikazichemsha saa nzima, lakini chupa nne vifuniko vikavimba, moja nilivyoifungua ikatoa sauti kama soda. Zimebaki 11 ambazo zinaonekana nzuri tu. Mama mkwe anasema ningechemsha saa tatu zisingeharibika. Mwaka huu nataka nipange vizuri. Nipande miche mingapi ya kila kitu, na je niongeze muda wa kuchemsha?"

Asante dada kwa kuandika kwa kirefu, watu wengi huniuliza "nipande nini" basi, hakuna eneo, hakuna idadi ya watu, we umenipa mpaka hesabu ya chupa. Una maswali mawili umeyafunga furushi moja, la bustani na la chupa. Naanza na la chupa kwa sababu hilo haliwezi kusubiri hata kesho.

Zile 11 zilizobaki msizile. Usionje hata kwa ncha ya ulimi kuhakikisha, na usimpe kuku wala mbwa. Najua inauma, umepanda, umechuma, umekatakata, halafu mtu asiyekujua anakwambia tupa, lakini nivumilie nikueleze kwa nini.

Kwenye udongo karibu wa kila mahali duniani kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Akiwa udongoni hana shida na mtu, amelala ndani ya ganda gumu, hali hiyo ndo wanaita spora. Sasa maharage yako yamekua hapohapo karibu na udongo, hata uyaoshe vipi spora chache zitabaki. Ili ziamke zinataka vitu vinne: pasiwe na hewa, pasiwe na asidi ya kutosha, pawe na unyevu, na pawe na joto la kawaida la chumba. Ukiangalia, chupa ya maharage iliyofungwa vizuri ikawekwa kabatini imempa vyote vinne, tena umemsaidia kwa kuwaua bakteria wengine wote waliokuwa wanashindana naye. Anaamka, anazaliana, anatoa sumu, na sumu hiyo inakamata mishipa ya fahamu ndo tunaita botulizimu. Chupa inaweza kuvimba kama zile nne zako, au inaweza isivimbe, isinuke, isibadilike rangi. Hapo ndo hatari ilipo, maana zile 11 "zinaonekana nzuri" na hilo halituambii chochote.

Mama mkwe tumheshimu, na kuna sehemu yuko sahihi kabisa, kuchemsha zaidi huua vitu vingi, ukungu, chachu, bakteria wa kawaida. Ila spora hizi ni kama mbegu yenye ganda gumu, moto wa nyasi unapita juu yake na mvua ikija inaota. Maji yanayochemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100 hata uyachochee kuni siku nzima, na ukiishi mahali pa juu hayafiki hata hapo, kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ili kumaliza spora kwa muda unaoeleweka na chakula kisigeuke uji unahitaji nyuzi kama 116 na kuendelea, na joto hilo linapatikana kwenye mvuke uliobanwa tu. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana, usiongeze muda, saa tatu haitakusaidia, itakupa imani ya uongo tu. Kugeuza chupa kichwa chini, kuzioka kwenye oveni, kudondoshea vidonge vya aspirini, nimeulizwa yote hayo na yote ni bure.

"Basi nitumie presha kuka yangu ya jikoni." Hapana tena, samahani. Kuna sufuria maalum ya presha ya kuhifadhia chakula, kubwa, inaingia angalau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama, ina kipimo au uzito wa kudhibiti presha, na muda wa kila zao umepimwa kwa ajili yake. Kale kadogo ka jikoni kanapanda haraka na kupoa haraka, na zile dakika zilizopimwa zinategemea pia ule muda wa kupanda na kupoa. Kama huna sufuria hiyo maalum, maharage mabichi, karoti, majani na mahindi mabichi kwako siyo mazao ya chupa. Ni ya friza au ya kukausha, basi.

Kuzitupa: zisizofunguliwa usizifungue, zitie kwenye mfuko mzito, funga, weka mahali ambapo mtoto wala mnyama hafukui. Pale ilipomwagikia ile moja futa kwa maji yenye dawa ya klorini ukiwa umevaa glavu, na tambara ulitupe. Na sosi ya mwaka jana yenye vitunguu na karoti, kama ipo yoyote kabatini, nayo iende hukohuko, nakuja kuieleza. Halafu kama kuna yeyote aliyekula na akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinashuka, ulimi mzito, kumeza kwa shida, mikono inalegea, usitafute ushauri wangu wala wa mtu yeyote mtandaoni, kimbia hospitali na uwaambie wazi kwamba amekula chakula cha chupa kilichotengenezwa nyumbani. Dalili mara nyingi huja kati ya saa 12 na 36, ila zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Dawa ya kuzuia sumu ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Haya, sasa bustani.

Kosa lako la mwaka jana halikuwa uvivu wala mbegu mbaya. Ulianza na eneo, ukajiuliza linaingia miche mingapi. Wengi tunafanya hivo, tunaona ardhi tupu mikono inawasha. Bustani ya kuhifadhi inapangwa kinyumenyume, unaanza kabatini, unarudi jikoni, halafu ndo unaingia shambani, kwa sababu kitu kinachokubana siyo ardhi, ni sufuria yako na mikono yako. Ngoja tufanye hesabu ya nyanya pamoja utaona.

Tuseme mnatumia chupa ya nusu lita ya sosi kila mnapopika kitu cha nyanya, na mnapika hivo mara nne kwa wiki. Miezi mitano ni kama wiki 20. Chupa 80, yaani lita 40. Lita moja ya sosi nyepesi inakula nyanya kama kilo 2.3 (ukitaka nzito inafika kilo 3), kwa hiyo unahitaji kilo 92, ongeza za kupasuka, za kuoza na zile ambazo watoto watakula wakipita, fanya 110. Mche mmoja uliotunzwa kawaida tu hukupa kilo mbili na nusu hadi tatu. Miche 40. We ulipanda 120, dada! Hizo ni karibu kilo 300, na kama zilikuwa zile nyanya fupi zinazoacha kukua zikifika kimo chake, karibu zote huiva ndani ya wiki tatu au nne. Sasa sufuria kubwa ya kuchemshia chupa inaingia lita saba, ambazo ni kilo 16 za nyanya, na kuanzia kuosha, kumenya, kupunguza maji jikoni mpaka kutoa chupa ya mwisho, hapo umemaliza nusu siku nzima. Ulihitaji sufuria tano au sita kila wiki na bado una watoto wanne. Hakuna mtu angeweza, mimi mwenyewe nisingeweza.

Kwa hiyo miche 40, lakini usiipande siku moja. Gawanya mafungu matatu ya miche 13 au 14, kila fungu nyuma ya mwenzake kwa wiki tatu. Hapo unapata kilo 12 hivi kwa wiki, sufuria moja haijai hata, kazi ya Jumamosi moja asubuhi. Kama msimu wenu ni mfupi, baridi kali au mvua za ukungu zinakuja haraka, fanya mafungu mawili. Chagua aina zenye nyama nyingi na maji machache, za umbo la yai kama Roma, zitakupunguzia saa nzima jikoni. Na angalia eneo: miche 40 kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 90 ni mita za mraba 22 tu. Ishirini na mbili kati ya 500 zako.

Kwenye chupa, nyanya zina bahati kuliko maharage kwa sababu zina asidi, ila ziko mpakani. Mstari wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, namba ikipanda asidi imepungua), na nyanya nyingine, hasa zilizoiva kupita kiasi, huvuka kwenda juu. Ndo maana unaongeza asidi kila chupa bila kujali ulimi unasemaje: vijiko viwili vya mezani vya maji ya limao kwa lita moja, kimoja kwa nusu lita, na tumia yale ya chupa ya kununua kwa sababu ukali wake haubadiliki, limao la mtini leo kali kesho siyo. Au asidi ya sitriki nusu kijiko cha chai kwa lita. Vitunguu, karoti na pilipili hoho ulizochanganya mwaka jana zinaishusha asidi, mchanganyiko ukawa siyo nyanya tena, ni chakula cha presha. Hifadhi nyanya tupu, hayo mengine utakaanga siku ya kufungua chupa. Chupa za nusu lita za sosi zichemke dakika 35 ukiwa chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, 40 mpaka mita 900, 45 mpaka 1,800, juu ya hapo 50, na saa unaianza maji yakiwa yanatokota na yamefunika vifuniko kabisa.

Mazao mengine yanaenda haraka zaidi. Mimi nayapenda yale yanayojihifadhi yenyewe, hayataki chupa wala umeme. Kitunguu maji: kilo moja na nusu kwa wiki kwa wiki 20 ni kilo 30, weka akiba ya kuoza ziwe 36, mita za mraba 15 zinatosha. Majani yakianza kulala acha kumwagilia, ng'oa, tandaza kivulini penye upepo wiki mbili tatu mpaka shingo ziwe kavu kama karatasi. Zenye shingo nene zitenge mle kwanza, hazifiki mbali. Usipande zile aina tamu kubwa kubwa kwa kuhifadhi, zinapendeza ila zinaoza, kitunguu kinachokuliza ndo kinachodumu.

Boga la ganda gumu, mashina sita. Chuma ukucha ukishindwa kuingia kwenye ganda, acha kikonyo cha urefu wa kidole na usilibebe kwa kikonyo (kikikatika umefungua mlango wa kuoza), lianike mahali pa joto siku kumi, kisha ghalani penye nyuzi 10 hadi 15 litakaa miezi. Karoti mita za mraba 10, kama una chumba cha baridi zifukie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kama huna ziache udongoni uwe unang'oa kadiri mnavyokula. Kabichi vichwa 30 kwa mafungu matatu, na zikizidi usihangaike: kata nyembamba, chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, kanda mpaka itoe maji yake, kandamiza kabichi yote iwe chini ya maji hayo, subiri wiki tatu nne. Bakteria wazuri watatengeneza asidi wenyewe. Kinachoelea juu ndo hushika ukungu, kwa hiyo weka kitu kizito kisafi juu.

Majani, weka mita za mraba 20. Ya kukausha yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yatumbukize kwenye maji baridi sana, kamua, tandaza kivulini penye hewa, siyo juani, jua kali linakula vitamini A. Yako tayari yakivunjika mkononi. Kilo kumi huishia kama moja, usishtuke. Kwa vitu vinene kama nyanya zilizopasuliwa usidanganyike na ngozi ya juu, nilishapoteza ndoo nzima ya nyanya kavu kwa kufunga zikiwa bado na unyevu katikati, baada ya wiki mbili ilikuwa nywele za kijani tupu. Siku hizi naziweka kwenye chupa ya kioo wiki moja, natikisa kila siku, nikiona mvuke kwenye kioo zinarudi kuanikwa.

Maharage machanga sasa: kama una friza, dakika tatu kwenye maji yanayochemka, kisha ya barafu, kausha, funga, ganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiruke kuyachovya, vimeng'enya vilivyomo (vile vitu vya asili vya mmea vinavyobadilisha ladha na rangi) vinaendelea kufanya kazi hata kwenye barafu na yatageuka majani makavu kwa ladha. Umeme ukikatika usifungue kuchungulia, friza iliyojaa hukaa na baridi yake kama saa 48, iliyo nusu saa 24.

Maharage makavu ndo yatakula ardhi yako. Nusu kilo mara tatu kwa wiki ni kilo 30 kwa wiki 20, na mita moja ya mraba hukupa gramu 100 hadi 150, hivyo unatafuta mita 200 hadi 300. Kama unaweza kununua maharage makavu kirahisi nakushauri ununue, hayana tofauti kubwa na ya kwako, wakati nyanya na majani ya kwako yana tofauti kubwa. Ukiamua kulima, yaliyokauka vizuri yaweke kwenye friza siku nne tano kwanza kuua fukusi na mayai yake, halafu chombo kisichopitisha hewa.

Jumlisha bila maharage makavu: nyanya 22, vitunguu 15, maboga kama 18, karoti 10, kabichi 8, majani 20, na mita chache za maharage machanga. Mita za mraba 100 za matuta, na njia za kupita fanya 150. Haifiki hata theluthi ya eneo lako. Na maji, ambayo hukuyataja: bustani inataka kama milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kila mita ya mraba. Matuta ya 100 ni lita 2,500 kwa wiki mvua isiponyesha, ndoo 125 za lita 20. Ukilima zote 500 ni ndoo 625. Nani anazibeba? Tandaza nyasi kavu nene utapunguza, lakini hesabu haikwepeki. Mwaka huu lima 150, sehemu iliyobaki otesha jamii ya kunde ufukie, udongo upate nguvu, na mwakani nyanya zihamie huko. Zisirudi tuta lilelile kabla ya miaka mitatu, na kumbuka bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, hubadilishi kitu ukipokezanisha hao.

Mavuno niliyotaja ni ya kawaida, udongo wako unaweza kunishinda juu au chini, kwa hiyo pima kilo za kila tuta uandike. Udongo upimwe kabla ya kumwaga mbolea yoyote, na majani yakijikunja au miche ikinyauka na udongo una maji, mwite bwana shamba aje aone kwa macho, ugonjwa wa mizizi haupimwi kwa maelezo. Ukija kununua ile sufuria ya presha, yenye saa ya kipimo ipelekwe kuhakikiwa kila mwaka.

Kitu cha kufanya leo usiku ni kuchukua kalenda na mume wako. Kitalu cha nyanya huchukua wiki tano sita, kutoka kuhamisha mpaka kuiva siku 70 hadi 80, jumla kama wiki 16. Tafuteni kwanza wiki ambazo mna harusi, safari, au watoto wanarudi shule, zizungushieni, kisha hesabuni nyuma wiki 16 kutoka zile zilizo tupu. Siku mtakayoangukia ndo ya kumwaga mbegu za fungu la kwanza.